Sura ya Saba: Njia ya Joto

Alifika saa nane mchana, mwezi wa pili, wakati Dar es Salaam inapochemka. Ni kijana anayetengeneza katuni za matangazo kwa programu ya Blender. "Shikamoo, fundi," alisema. Nikaitikia marahaba, akakaa mbele ya feni na kunisogezea simu yake mezani. Orodha ya vifaa ilianza na prosesa, AMD Ryzen 9 7950X. Ikafuata kadi ya michoro, RTX 4090, kisha RAM, ubao mama, kasha la vioo na taa za rangi. Mstari wa mwisho ulikuwa na maneno mawili: "maji, baadaye".

"Naomba unipitishie macho," aliniambia. "Nataka mashine ya maji, na nataka niikimbize kupita ilivyotoka kiwandani."

"Chumba chako cha kazi kina nyuzi ngapi saa hizi?"

Hakujua, na sikumlaumu, maana swali hilo halimo kwenye tangazo la kifaa chochote. Lakini ndilo la kwanza. Joto la kompyuta lina njia yake. Linazaliwa ndani ya kipande cha silikoni, linapita kwenye shaba, linachukuliwa na maji, linafika kwenye rejeta na kuishia katika hewa ya chumba. Anayenunua vifaa kwa kuifuata njia hiyo tangu mwanzo huishiwa fedha kabla hajafika mwisho, na mwisho ndiko mambo yote yanakoamuliwa. Mimi huanzia kwenye hewa nikarudi nyuma. Ndivyo nilivyofanya na kijana yule, na ndivyo nitakavyofanya hapa.

Kwanza tuelewane kuhusu maji. Watu husema maji yanapoza kompyuta, na usemi huo umewagharimu wengi. Maji hubeba. Lita moja ya maji inahitaji takriban jouli 4,180 ili ipande uzi mmoja wa joto. Lita moja ya hewa inahitaji kama jouli 1.2 tu. Kwa ujazo uleule, basi, maji hubeba joto mara 3,500 hivi kuliko hewa, ila mzigo yaliouchukua lazima yautue mahali. Tuseme mashine ya kijana yule, ikiwa imekimbizwa, inatoa wati 750 za joto. Izungushie lita moja ya maji bila rejeta. Maji yaliyoanza na nyuzi 30 yatafika 60 kabla dakika tatu hazijaisha. Ukiweka tangi la lita mbili utaongeza dakika nyingine tatu, basi. Ndiyo maana mteja anapoanza kunieleza habari za tangi kubwa la kioo mimi humrudisha kwenye rejeta. Kazi ya tangi ni kutoa mapovu na kurahisisha kujaza, na dogo linatosha.

Jambo la pili ni kwamba maji hayashuki chini ya joto la hewa inayopita kwenye rejeta. Chumba kikiwa na nyuzi 32, hiyo 32 ndiyo sakafu, na kwa kawaida maji yatakaa nyuzi 10 juu yake. Mtu wa Njombe mwenye chumba cha nyuzi 18 atapata maji ya nyuzi 28 kwa vifaa vilevile vilivyompa mwenzake wa Tanga maji ya nyuzi 42. Vipimo vingi tunavyosoma vimefanywa Ulaya na Marekani, katika vyumba vya nyuzi 20 au 22. Msomaji wa pwani akitaka kujua mashine yake itakavyokuwa, aongeze nyuzi 10 kwenye kila namba, na aiamini hiyo aliyoongeza.

Kiyoyozi husaidia, lakini nacho kina hesabu yake. Kiyoyozi cha BTU 9,000 huondoa wati 2,640 hivi za joto. Mashine ya wati 750 inakula zaidi ya robo ya nguvu hiyo kabla mtu hajaingia chumbani wala jua halijapiga ukuta. Wapo wanaofikiria kuyapoza maji kwa mashine kama ya friji, au kutia barafu kwenye tangi. Pwani yetu ina unyevu mwingi mno kwa mchezo huo. Bomba lenye maji baridi namna hiyo litatoka jasho kama glasi ya juisi ya ukwaju, na jasho hilo litadondokea kwenye ubao mama.

Sasa twende kwenye kukimbiza, au kuovakloki kama vijana wanavyosema, maana hapo ndipo wati zinapotoka.

Mwaka 1998 Intel iliuza prosesa ya bei nafuu iitwayo Celeron 300A. Kasi yake ya megahezi 300 ilitokana na mapigo 66 ya ubao mama kuzidishwa mara 4.5. Kizidisho hakikubadilika, lakini mapigo yaliweza kubadilishwa. Wapenzi wa kompyuta waligundua kwamba ukiziba mguso mmoja wa prosesa ile, ule wenye alama B21, kwa kipande kidogo cha selotepu, ubao mama ulidhani umepewa prosesa ya mapigo 100. Mara 4.5, megahezi 450. Vipande vingi vya Celeron ile vilikubali bila taabu, vikawa vinakimbizana na Pentium II ya megahezi 450 ambayo ndiyo iliyokuwa ya juu kabisa dukani mwaka huohuo. Asilimia 50 ya kasi kwa kipande cha selotepu! Nadhani hakuna kilichowasha ari ya kazi hii kuliko habari ile.

Ari hiyo ndiyo iliyoleta maji. Hakukuwa na duka la rejeta za kompyuta, kwa hiyo watu walichukua pampu za matangi ya samaki wa mapambo, za kampuni ya Kijerumani ya Eheim, na rejeta ndogo za hita zinazopasha joto ndani ya gari wakati wa baridi. Iliyosifiwa sana Marekani ilikuwa ya Pontiac Bonneville ya mwaka 1977. Mafundi wa magari wa Gerezani wasingehitaji maelezo. Injini inapata joto, maji yanazunguka, rejeta inatua mzigo, feni inapuliza. Kompyuta ya maji mpaka leo ni hivyohivyo.

Gharama ya kukimbiza iko katika kanuni moja fupi. Joto la prosesa huongezeka sambamba na kasi, na kwa mraba wa volteji. Chukua prosesa ya gigahezi 3.4 inayotumia volti 1.2 na kutoa wati 95. Ipandishe ifike gigahezi 4.5, na ili isiyumbe uipe volti 1.35. Kasi imeongezeka kwa theluthi moja hivi. Joto limefika karibu wati 160, yaani nyongeza ya theluthi mbili. Volteji ndiyo inayokula, na kila hatua ya mwisho huwa ghali kuliko iliyotangulia.

Zama za selotepu zimekwisha, na napenda msomaji alijue hili kabla hajatoa fedha. Watengenezaji hawaachi tena asilimia 50 mezani. Ryzen 9 7950X, iliyotoka mwaka 2022, hujikimbiza yenyewe. Inapanda mpaka ikute ukuta wa wati 230 au nyuzi 95, na AMD walisema wazi kwamba nyuzi 95 ni mahali ilipojengwa kufanyia kazi. Kadi za NVIDIA nazo hupunguza kasi kwa hatua ndogondogo kadiri zinavyopata joto. Kwa hiyo siku hizi ukiondoa joto vizuri umekwisha kuongeza kasi, na kazi iliyobaki kwa mkono wa fundi ni kushusha volteji kidogo kidogo mpaka pale kipande chako kinapokataa. Kila kipande kina bahati yake, viwili vya kiwanda kimoja na siku moja vinaweza kutofautiana. Faida ya jumla ni asilimia chache. Unachopata zaidi ni ukimya, kadi isiyopungua kasi katika saa ya tano ya kazi, na furaha ya kuijua mashine yako mpaka ndani. Mimi naiona ni faida halali. Mtu anayetaka kasi tu, na fedha zake ni za mawazo, anunue kadi ya daraja la juu zaidi na kipozeo cha hewa.

Kuhusu kupandisha volteji, nitakuwa mkali. Mwaka 2023 baadhi ya prosesa za Ryzen 7000, hasa zile za X3D, ziliungua kwa sababu mbao mama zilikuwa zikipeleka volteji nyingi mno kwenye sehemu ya SoC. AMD ikaweka ukomo wa volti 1.3. Mwaka 2024 Intel nayo ilikiri kwamba prosesa zake za Core za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikidhoofika kwa volteji iliyopita kiasi, ikatoa marekebisho ya BIOS. Wenye mashine hizo wengi hawakuwa wamepandisha volteji kwa mkono wao. Maji hayamkingi mtu na hili. Rejeta kubwa huondoa joto, haiondoi volti. Kabla ya kukimbiza chochote, weka BIOS mpya.

Tulirudi kwenye orodha ya kijana, tukachukua karatasi. Prosesa, wati 230. Kadi, 450, na ikikimbizwa 500. Pampu nayo hutoa joto, wati 20 hivi. Tukaandika 750 na kuipigia mstari. Namba hiyo ndiyo iliyochagua vitu vingine vyote.

Mafundi wana kipimo cha mkono: kila eneo la feni moja ya milimita 120 kwenye rejeta hutua wati 100 hivi, feni zikizunguka kwa utulivu na maji yakiwa nyuzi 10 juu ya hewa. Kwa wati 750 unahitaji maeneo saba na nusu. Rejeta ya 360 ina matatu. Ya 420 ina feni tatu za milimita 140, na ukizidisha upana kwa urefu utaona inalingana na maeneo manne ya 120 na ushee. Moja ya 420 mbele na moja ya 360 juu zinatoa saba na kidogo. Inatosha. Maji yatakaa nyuzi 10 au 11 juu ya chumba.

"Lakini kasha nililochagua haliingii hizo," alisema.

"Haliingii. Na kioo cha mbele kinaziba hewa."

"Kwa hiyo ndiyo basi?"

"Ndiyo basi. Tafuta lenye wavu mbele na chujio linalochomoka."

Alinyamaza kidogo, kisha akafuta mstari. Kasha ni kitu anachokipenda mtu kwa macho, naelewa, na ndicho kinachotakiwa kuchaguliwa baada ya rejeta. Nimeona mashine za fedha nyingi zikihema ndani ya vioo kama mtu aliyejifunika blanketi mchana.

Rejeta zenyewe hutofautiana kwa unene na kwa msongamano wa mapezi yake. Zile zenye mapezi yaliyobanana hufanya vizuri feni zikipiga kelele. Kwetu nashauri zenye nafasi, mapezi kumi hadi kumi na mbili kwa inchi, kwa sababu mbili. Feni za mwendo mdogo zinaweza kusukuma hewa katikati yake, na vumbi halijengi ukuta upesi. Nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi inaweza kuziba rejeta iliyobanana kwa miezi miwili, na hapo hesabu yote ya wati 100 inakuwa ndoto. Nunua feni zilizotengenezwa kusukuma, zenye mapanga mapana, na brashi laini ya kusafishia kila mwezi. Karibu na bahari, chumvi ya hewani hula mapezi, kwa hiyo rangi yake isiwe imekwanguka.

Kwenye pampu sina maneno mengi. Majina mawili yametawala kazi hii kwa miaka, D5 na DDC, yote yalitoka kwa Laing wa Ujerumani na sasa huuzwa na makampuni mengi kwa sura tofauti. Tulichagua D5 kwa sababu ni kimya zaidi. Beringi yake hulainishwa na maji yenyewe, kwa hiyo usiiwashe kavu hata kwa sekunde chache za kujaribu. Pampu nyingi za aina hii zina ukomo wa maji ya nyuzi 60, jambo ambalo mtu wa pwani anapaswa kulikumbuka siku feni zikifa.

Kijana aliuliza kama maji yapite rejeta ya kwanza kabla ya kadi, au baada. Ni swali zuri, na jibu lake linapatikana kwa hesabu. Maji yakitembea lita 4 kwa dakika, wati 750 huyapandisha nyuzi zisizofika 3 kwa mzunguko mzima. Sehemu yenye joto kali na yenye nafuu zinapishana kwa kiasi hicho tu. Panga mabomba njia iliyo fupi na rahisi kufungua. Sharti ni moja: tangi lilishe pampu, na liwe juu yake.

Kuna waya mmoja mdogo wa pampu ambao watu huuacha ukining'inia. Ni ule unaopeleka habari za mzunguko. Uchomeke mahali pa feni ya prosesa kwenye ubao mama na uwashe tahadhari kwenye BIOS. Umeme ukikatika, pampu na joto huzimika pamoja, hapana hasara. Hatari iko siku pampu imekufa peke yake na kompyuta inaendelea, na waya huo ndio utakaopiga kelele.

Sasa madini, na hapa ninaongea kwa uchungu. Mwaka wangu wa pili wa kazi hii nilinunua rejeta kwa muuzaji aliyenihakikishia ni ya shaba. Ilikuwa imepakwa rangi nyeusi nzuri, nyepesi mkononi, na wepesi ule ungetosha kuniambia. Niliiunga na bloku, sahani ya shaba nyekundu inayokaa juu ya prosesa. Mwezi wa tano maji yalikuwa na rangi ya majivu, njia nyembamba za bloku zimejaa ukoko, na rejeta imetoboka mahali pawili padogo kama tundu la sindano. Ilikuwa ya alumini. Alumini na shaba zikikaa katika maji mamoja ni betri, na katika betri hiyo alumini ndiyo inayoliwa. Mashine ilikuwa ya mteja, nikamlipa. Tangu siku ile sifungi rejeta kabla sijaipima uzito mkononi na kukwangua kona ndogo ya rangi. Shaba nyekundu, shaba ya manjano na nikeli hukaa pamoja bila ugomvi mkubwa. Alumini isigusane na maji yao, hata kama ni kifuniko cha tangi au elbo moja tu.

Maji yawe yaliyokenekwa, na ndani yake dawa ya kuzuia kutu na kuvu. Maji ya bomba yana chumvi na chokaa, ya kisima ndiyo kabisa, na ya chupa ya kunywa yana madini yaliyoongezwa ili yawe matamu. Wengi hutumia maji ya betri, na yanafaa kama kweli ni maji matupu. Soma chupa kwa makini, kwa sababu asidi ya betri huuzwa kwenye rafu hizohizo. Vimiminika vya rangi vyenye kumetameta kama lulu vina unga ndani yake, na unga hutuama. Vinapendeza kwenye picha ya wiki ya kwanza.

Hapo tulibishana kuhusu mabomba. Yeye alitaka ya plastiki ngumu inayoonyesha, iliyokunjwa kwa pembe. Ni kazi ya sanaa, sibishi, na nimeshaifanya. Lakini plastiki ile ya PETG huanza kulegea joto likipita nyuzi 60 na kitu, na bomba lililolegea huchomoka kwenye fitingi. Kwa mtu anayeacha mashine ikitengeneza katuni usiku kucha katika chumba cha nyuzi 31, nachagua mpira mweusi wa EPDM, milimita 10 ndani na 16 nje, wenye kifungo cha kukaza. Hauwi mweupe kwa ndani kama mipira ya kuonyesha, na hauachi mafuta yake kwenye maji. Fitingi zote ziwe na nyuzi za robo inchi, ile G1/4 iliyozoeleka, na uwe na oringi za akiba. Alikubali, shingo upande.

Ndipo tukafika kwenye bloku, zile sahani za shaba zinazokaa juu ya silikoni, na hapa wasomaji wengi hushangaa. Pasi ya wati 1,000 inasambaza joto lake kwenye bamba la sentimita za mraba 170 hivi. Cores 16 za 7950X zimo katika vipande viwili vya silikoni, kila kimoja milimita za mraba 70 hivi, chini ya kucha ya kidole cha mwisho. Wati 200 zinapita hapo. Kwa kila milimita ya mraba, joto hilo ni zaidi ya mara 20 ya pasi. Juu yake kuna kifuniko kinene cha shaba ambacho joto lazima lipenye kwanza. Kwa hiyo msongamano uko mlangoni, ndani ya prosesa yenyewe, na hata ukiifungia rejeta ya lori itashuka nyuzi chache tu ukilinganisha na kipozeo kizuri cha hewa. Kadi ya michoro ni habari nyingine. Silikoni ya RTX 4090 ina milimita za mraba 609, haina kifuniko, na bloku inaigusa moja kwa moja. Humo maji yanachukua joto kwa uhuru, na kadi hushuka kwa kiasi ambacho hakuna anayehitaji kipimajoto kukitambua. Wanaoanza hupeleka maji kwenye prosesa na kuiacha kadi na feni zake. Kama fedha zinatosha bloku moja, mimi naipeleka kwenye kadi.

Bloku ya kadi lazima ilingane na ubao wa kadi hiyohiyo. RTX 4090 za makampuni mawili zina jina moja na mashimo tofauti. Nunua bloku na kadi siku moja, ukiwa na namba kamili ya modeli mbele yako, na uulize kwanza kama kufungua kadi kunafuta dhamana.

Vilivyobaki vilikwenda haraka. RAM, vijiti viwili vya gigabaiti 32, DDR5 ya 6000 yenye CL30. Ukigawanya, subira yake ni nanosekunde 10, sawasawa na DDR4 ya 3200 yenye CL16. Kinachokua ni upana wa njia, kwa hiyo usibabaishwe na namba kubwa. Viwili, si vinne, maana jukwaa la AM5 hushusha kasi sana ukijaza nafasi zote. Ubao mama wa B650 au X670E unakuruhusu kukimbiza, wa A620 haukuruhusu kukimbiza prosesa. Angalia sehemu ya kugawa umeme ya ubao huo. Wati 230 kwa volti 1.2 ni ampia zaidi ya 190, kiasi kinachofanana na kinachovutwa na stata ya gari dogo. Kipozeo cha hewa hupuliza eneo hilo bila wewe kujua. Ukihamia kwenye maji upepo ule unaondoka, kwa hiyo acha feni moja ya kasha iupulizie ubao. Pawa saplai, wati 1,000 za kiwango cha ATX 3.0, kwa sababu kadi hizi huruka juu ya wati zake kwa vipande vidogo vya sekunde, na plagi ya kadi isukumwe mpaka mwisho. UPS ya ofisini ya VA 650 haitaibeba mashine hii hata dakika moja. Taa za rangi alizibakiza, ni zake.

Vifaa vilikamilika baada ya wiki kadhaa. Tulifunga mchana mmoja, na usiku ule hatukuwasha kompyuta. Tuliunganisha pawa saplai na pampu peke yake, waya wa kijani na mweusi zikiwa zimegusanishwa kwa kipande cha waya ili iwake bila ubao mama, karatasi nyeupe za jikoni zikiwa zimetandikwa chini ya kila fitingi. Saa 24. Saa ya tatu karatasi moja ilipata doa la ukubwa wa shilingi, chini ya elbo ya rejeta ya juu. Oringi ilikuwa imejikunja. Tukamwaga, tukabadilisha, tukaanza kuhesabu upya saa 24.

Siku ya tatu jioni tuliiwasha kwa kazi ya kweli, tangazo lake mwenyewe. Baada ya saa moja chumba kilikuwa na nyuzi 31, maji 41, kadi 54. Prosesa ilionyesha 92, na uso wa kijana ukabadilika.

"Fundi, hii si inaungua?"

Nilimkumbusha pasi. Kisha tukaingia BIOS, tukaishusha prosesa kutoka wati 230 hadi 142, tukashusha volteji kwa hatua 15 kwa kila core, tukarudia kazi ileile. Prosesa ikakaa kwenye 70, na muda wa kumaliza ukaongezeka kwa kiasi kidogo sana, ambacho hakikumuuma. Akasema tuache hivyo.

Saa kumi na mbili upepo wa bahari ulianza. Alikwenda akafungua dirisha, akarudi na kipimajoto cha ukutani alichokuwa amenunua wiki ile, akakisimamisha kando ya wavu wa rejeta ya mbele. Nyuzi 30. Baadaye 29. Tulikaa tukiangalia namba ya maji ikifuata nyuma yake, 41, 40, 39, na feni zikipunguza sauti moja baada ya nyingine.